Anza na mbavu: jinsi ya kujipima sidiria ukiwa nyumbani

Wateja wengi wa dukani kwangu Kariakoo wananitajia namba waliyoizoea tangu sekondari. "Nipe 38." Namtazama dada wa watu, sidiria aliyovaa imepanda mgongoni, kamba zimemchimba mabegani, na najua tatizo ni mkanda kumzidi. Uzito wa matiti unatakiwa kubebwa na ule mkanda unaozunguka mbavu. Kamba za mabegani zinasaidia tu. Kwa hiyo tunaanza na mbavu.

Tafuta futikamba ya fundi cherehani, ile laini yenye inchi upande mmoja na sentimita upande wa pili. Simama mbele ya kioo bila nguo ya juu, au uvae sidiria nyepesi isiyo na sponji, maana sponji itakuongezea kisicho chako. Kama siku zako zimekaribia na matiti yamejaa, subiri kwanza zipite.

Zungusha futikamba chini kabisa ya matiti, pale yanapoanzia. Ikae usawa mmoja mbele na nyuma. Mgongoni ndiko inakoteleza, kwa hiyo geuka ujitazame au mwombe mdogo wako akushikie. Toa pumzi yote, kisha ibane mpaka ikushike vizuri bila kuumiza. Soma upande wa inchi. Ukipata namba witiri, tuseme 33, chukua shufwa inayofuata, yaani 34; hiyo ndiyo namba ya mkanda wako. Kama unapenda kushikwa, jaribu na 32 pia.

Ipo kanuni ya zamani inayosema uongeze inchi 4 au 5 kwenye kipimo hiki. Bado wapo wanaoifuata, na mimi nakuomba uachane nayo. Mwenye mbavu za 33 anapelekwa kwenye 38, mkanda unalegea, basi anakaza kamba za mabegani ili kufidia, na jioni shingo na mabega vinamuuma.

Kipimo cha pili ni cha matiti yenyewe. Pitisha futikamba usawa wa chuchu, ilale tu bila kubana. Pima ukiwa umesimama, halafu inama mpaka mgongo ulale sambamba na sakafu, matiti yaning'inie, upime tena. Kwa mama aliyenyonyesha, au mwenye matiti makubwa na laini, namba hizi zinaweza kupishana sana, na ile ya kusimama peke yake inapunguza. Chukua ya katikati: ukipata 38 na 40, tumia 39.

Sasa 39 utoe 34, inabaki 5. Tofauti hii ndiyo inayotoa herufi ya kikombe, ile sehemu inayobeba titi. Inchi 1 ni A, 2 ni B, 3 ni C, 4 ni D, 5 ni DD. Wewe ni 34DD. Kuanzia hapo herufi zinaachana: inchi 6 Waingereza wanaandika E, Wamarekani DDD.

Najua ukisikia DD unashtuka. Usishtuke. Herufi peke yake haisemi ukubwa, inasema titi limejitokeza kiasi gani kupita mbavu. Kikombe cha 34DD kinabeba sawasawa na cha 36D na cha 38C, ndiyo maana mwenye 34DD akivaa 38C anaona vikombe vinamtosha huku mkanda ukimpanda. Ukikosa 34DD dukani, ulizia 36D. Ukiongeza mkanda, shusha herufi. Ukipunguza mkanda, pandisha herufi.

Angalia na lebo. Mzigo mwingi wa Kariakoo una namba mbili: 34/75, 36/80, 38/85. Hiyo ya pili ni sentimita za chini ya matiti. Ila sidiria ya Ufaransa iliyoandikwa 90 ni sawa na 34, wakati 90 kwenye mzigo mwingine ni 40. Uliza imetoka wapi kabla hujalipa.

Kwenye kujaribu, funga kulabu za nje kabisa. Mpira utalegea kadiri unavyofua, na hapo ndipo utahamia za ndani. Inama, ingiza mkono, vuta nyama yote kutoka upande wa kwapa uiweke ndani ya kikombe, kisha simama. Vidole viwili vipite chini ya mkanda, visizidi. Shusha kamba mabegani: sidiria ikiporomoka yote, mkanda ni mkubwa. Titi likifurika juu au pembeni, kikombe ni kidogo. Kitambaa kikifanya mikunjo, huenda ni kikubwa. Waya ulale kwenye mbavu, usikanyage titi. Matiti yakipishana, na kwa wengi yanapishana, chagua kikombe cha lile kubwa, kisha fupisha kamba ya upande mwingine.

Unayetarajia kunyonyesha, usinunue nyingi kabla ya kujifungua. Maziwa yakishuka vipimo vinabadilika. Subiri wiki chache yatulie ndipo ujipime, na uepuke waya au mkanda unaobana, kwani titi linaweza kuziba na kuuma.

Andika kwenye simu vipimo vyote vitatu, cha mbavu, cha kusimama na cha kuinama, pamoja na namba ya sidiria. Muuzaji akikwambia namba yako haipo, mwonyeshe hivyo vipimo akutafutie inayokaribiana.