Namna ya Kuanza Kuipasha Joto Sayari ya Mirihi
Anza na joto, si na mimea. Wastani wa halijoto ya Mirihi ni takriban nyuzi 60 za Selsiasi chini ya sifuri, na mgandamizo wa hewa yake haufiki asilimia 1 ya ule wa Dunia, hivyo maji ya kumwagilia yangeganda au kugeuka mvuke upesi. Kuipasha sayari nzima kwa kaboni dayoksaidi yake yenyewe hakutafaa, kwani haitoshi. Lililo la busara zaidi, kwa maoni yangu, ni kufunika eneo dogo lenye barafu kwa tabaka la erojeli ya silika, yaani kitu kigumu lakini chepesi mno kilichojaa vitundu vidogo vya hewa, lenye unene wa sentimita 2 au 3, ambalo hupitisha mwanga, huzuia miali ya urujuanimno na kuhifadhi joto chini yake. Kisha usafishe udongo kwa maji ili kuondoa perikloreti, yaani chumvi zenye klorini, ambazo ni sumu, kabla ya kupanda chochote cha kuliwa.