Bustani ya Jua Kali Malindi: Panda Kinachotambaa, Achana na Mbegu za Milimani

Ukiona picha za aubrieta, ule mmea mfupi unaotandaza maua ya zambarau juu ya mawe, usikimbilie kuagiza mbegu. Kwao ni milima ya kusini mwa Ulaya na Uturuki. Udongo wetu wenye chokaa ya matumbawe hata ungeufaa. Kinachoushinda ni joto. Aubrieta hutaka majira ya baridi ili ichanue vizuri, na Malindi usiku wa Februari hata shuka hatujifuniki.

Kwa bustani ya hapa, mimi ningeanza na mmea ambao tayari unatambaa ufuoni: Sesuvium portulacastrum. Majani yake ni manene yenye maji na chumvi, mashina ni mekundu, na vijiua vyake vya waridi ni vidogo. Huvumilia upepo wa bahari na maji ya kisima chenye chumvi, yale yanayounguza mimea mingine. Usiung'oe ufuoni, kwani ndio unaoshika mchanga, na ndani ya hifadhi ya bahari ya Malindi kuchukua mimea ni marufuku. Omba vipandikizi kwa jirani au nunua kwenye kitalu.

Ukipenda maua makubwa ya rangi nyingi, tafuta portulaka, yenye asili ya Amerika Kusini. Hiyo hufunguka juani na kufumba jioni, hivyo kuipanda chini ya mwembe ni kujisumbua.

Kazi kubwa ni kabla ya kupanda, nayo ni kuondoa ndago, magugu yenye viazi vidogo ardhini. Chimba, fuata kila kiazi chake, mwagilia, ngoja zilizobaki zichipue, kisha chimba tena. Ukiharakisha hapa, ndago zitatoboa zulia lako katikati, na kuzing'oa bila kuharibu mimea ni shida. Baada ya hapo changanya samadi kidogo tu iliyooza. Samadi nyingi huipa portulaka majani bila maua. Chokaa usiongeze.

Kata vipandikizi vya sentimita 10 hadi 15, fukia vifundo viwili, na uache nafasi ya sentimita 25 hadi 30. Sesuvium ipande masika yanapoanza. Portulaka isubiri mvua kubwa zipite, Julai au Agosti, kwa sababu maji yakituama shina lake huoza. Vipandikizi vyake viache kivulini siku moja vidonda vikauke. Mwagilia kila siku mpaka vishike, halafu punguza: subiri udongo wa juu ukauke kwanza.

Zulia likianza kuwa na kipara katikati, punguza mashina marefu kwa mkasi na uyachomeke palepale penye uwazi. Ukiona unga mweupe kwenye vifundo, hao ni wadudu waitwao vidung'ata. Wapanguse mapema kwa maji ya sabuni, jua likishapungua, na kata tawi lililojaa ulichome.