Kupima sarafu ya twiga ya 1974 kabla ya kulipa

Mwaka 1974 Tanzania ilitoa sarafu za kumbukumbu za uhifadhi wa wanyamapori: twiga kwenye shilingi 25, kifaru kwenye shilingi 50, na duma kwenye shilingi 1500 ya dhahabu. Kifaru huyo usimchanganye na yule wa shilingi 50 ya mwaka 1996, aliye na mtoto wake. Sarafu hiyo ya 1996 ni ya matumizi ya kila siku na ina pande saba.

Ya twiga iko ya aina mbili, na hapo ndipo wanunuzi wengi hupunjika. Yenye uso wa kioo ni fedha ya 925 (yaani sehemu 925 kati ya 1000 ni fedha halisi), gramu 28.28, upana kama milimita 38.6. Ya kawaida ni fedha ya 500, gramu 25.4. Muuzaji akisema tu "ni ya fedha", uliza ni ipi.

Anza na sumaku: ikinasa, acha. Isiponasa bado si ushahidi, kwa kuwa shaba iliyochanganywa na nikeli nayo hainasi. Kwa hiyo pima kwa maji. Weka kikombe cha maji juu ya mizani ya sonara inayosoma gramu 0.01, uirudishe kwenye sifuri. Ining'inize sarafu kwa uzi mwembamba mpaka izame yote bila kugusa kikombe. Gawa uzito wa sarafu ikiwa kavu kwa namba unayoisoma. Ya 925 husoma karibu 2.73, yaani 10.36 ukigawa, ya 500 hutoa kama 9.7. Jibu likiwa 8.9, hiyo si fedha.

Namba ikiruka juu sana, sarafu imegusa chini. Ikizidi kidogo, tazama viputo vya hewa: hujificha katikati ya miguu ya twiga. Vitikise vitoke, upime tena. Tumia maji yaliyokenekwa, maana chumvi ya maji ya kisima huacha madoa meupe kwenye uso wa kioo. Kausha kwa kugusisha kitambaa laini cha pamba, usifute.

Na tafadhali usiisugue. Ukwaju, majivu na dawa ya meno ni vya sinia la shaba. Hapa mkwaruzo mmoja shingoni mwa twiga haufutiki tena. Ishike ukingoni, uihifadhi kwenye kasha la plastiki ngumu. Mifuko laini ya PVC (aina ya plastiki) huacha utando wa kijani unaonata, na kwenye joto la Tanga au Unguja utando huo huja haraka zaidi. Tia kijifuko cha silika (chembe zinazofyonza unyevu) sandukuni, ukibadilishe kikilowa.