Tende Moja, Dakika Tano
Mwaka 1979, Jon Kabat-Zinn alianzisha katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, mafunzo ya majuma manane ya kupunguza msongo wa mawazo, na zoezi mojawapo la mwanzo ni kula zabibu kavu moja polepole. Mimi napendekeza tende, kwa kuwa kokwa yake humlazimisha mlaji asiharakishe. Ishike kwanza, uitazame mikunjo yake, uinuse, kisha uiweke kinywani bila kuitafuna, ukihisi jinsi mate yanavyojaa na utamu unavyoenea; ndipo uitafune taratibu. Bila shaka akili itatoroka, iende kwenye kodi ya nyumba au maneno uliyoambiwa jana, na hapo ndipo penye kazi yenyewe: usijilaumu wala usipigane na wazo hilo, bali litambue, uliache lipite, urudi kwenye ladha. Aliyetoroka mara kumi akarudi mara kumi hakushindwa hata kidogo, kwa maana kule kurudi ndiko kunakojenga utulivu utakaomfaa siku atakapokasirishwa. Fanya hivyo kila siku kabla ya kifungua kinywa, na simu ibaki chumba kingine.