Kulinda sanamu ya ukoo isiliwe na wadudu

Sanamu ya mzimu iliyotunzwa kwa mzee wa ukoo Kigoma au Tabora huharibiwa na wadudu, lakini mara nyingi zaidi na mikono ya mtu anayetaka ing'ae. Ule utando mweusi wa mafuta, unga na moshi umetokana na matambiko. Usiuoshe. Msasa ndio mbaya zaidi: kwenye sanamu za Watabwa wa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kwa mfano, chale zilizochongwa mwilini zilifuata chale walizochanjwa watu wenyewe. Ukizisugua, umefuta utambulisho.

Kwanza omba ruhusa kwa mwenye dhamana. Si kila mtu anaruhusiwa kuishika. Kisha isimamishe juu ya karatasi nyeusi wiki mbili bila kuigusa. Unga mpya wa mbao chini ya matundu ni dalili ya wadudu walio hai. Matundu makavu yasiyotoa unga yanaweza kuwa ya zamani. Yaache, endelea kukagua. Wadudu wengi huanzia kwenye tabaka jeupe la nje, maana kiini chekundu cha mninga ni kigumu kwao. Usiiweke stoo ya mahindi au makopa: dumuzi, yule mdudu wa nafaka aliyeingia Tabora na kuitwa skania, hutoboa mbao pia.

Wakiwapo, tumia baridi. Kama mti umelowa, ukaushe kwanza kivulini. Viringisha sanamu kwa kitambaa cha pamba, itie kwenye mfuko mzito wa plastiki, kamua hewa, funga kwa utepe. Weka kwenye friza yenye nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku 14. Umeme ukikatika hadi vitu vikaanza kuyeyuka, anza kuhesabu upya. Ukiitoa, usifungue mfuko kabla ya saa 24, ili umande ugande juu ya plastiki na si juu ya mti. Yenye rangi nene inayobanduka au nyufa kubwa isiingie friza.

Usiipake oili chafu wala kuianika juani. Oili haifiki walipo mabuu, ila hunasa vumbi. Jua kali nalo hukausha nje haraka kuliko ndani, mti ukapasuka.

Baadaye iweke kwenye rafu, sentimita 30 kutoka sakafuni na 5 kutoka ukutani, uone njia za udongo za mchwa mapema. Mvua za Novemba hadi Aprili zikianza, usiifungie kwenye plastiki, itaota ukungu. Ukiuona, pisha hewa, ukikauka uutoe kwa brashi laini.

Piga picha pande nne pamoja na rula. Daftarini andika jina la mzimu, nani aliipokea na kutoka kwa nani, aina ya mti, na kila shanga iliyokatika uzi (shanga zenyewe zitie kwenye bahasha). Daftari likae nyumba nyingine. Akija mnunuzi anayetaka kuivusha mpaka, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inadai kibali kwanza.