Usianzie kwenye kiti: namna ya kuandaa wasifu wa Mama Anne Makinda

Kipindi changu cha kwanza cha redio kuhusu Mama Makinda nilikianzia Novemba 2010, alipochaguliwa kuwa Spika wa kwanza mwanamke wa Bunge la Tanzania. Hakijafika nusu, bibi mmoja akapiga simu: "Mwanangu, huyo yuko bungeni tangu hujazaliwa." Kweli. Aliingia 1975, ana miaka 26.

Siku hizi naanza na karatasi na kalamu za rangi mbili. Chora mstari kutoka 1949, alipozaliwa, hadi 2010. Kati ya 1975 na 2010 kuna miaka 35, na kazi yako yote imo humo: uwaziri, ukuu wa mkoa Ruvuma, ubunge wa Njombe Kusini, Naibu Spika kuanzia 2005. Vyeo vya kuteuliwa vitie rangi moja, vya kupigiwa kura rangi nyingine. Mkuu wa mkoa huteuliwa na Rais. Jimboni lazima ukaombe kura. Waandishi wengi huvichanganya, msikilizaji asijue mama wa watu alipambana wapi.

Halafu uliza mlango ulifunguliwaje. Mwaka 2010 Kamati Kuu ya CCM ilirudisha majina matatu ya kugombea uspika, yote ya wanawake: Anne Makinda, Anna Abdallah na Kate Kamba. Samuel Sitta, Spika aliyekuwa anamaliza muda wake, hakuwemo. Wapo wanaoliruka hilo wakidhani linampunguzia sifa. Mimi naliweka mbele, kwa sababu ndipo swali tamu linapozaliwa: kati ya watatu, kwa nini yeye? Rudi kwenye mstari wako, utazame ile miaka mitano ya unaibu.

Hapo fungua Hansadi, kumbukumbu rasmi za yanayosemwa bungeni. Tafuta vikao alivyoongoza, soma kwa sauti anavyomkatisha mbunge na kanuni anazozitaja. Kurasa kumi zitakupa sauti yake kuliko mahojiano ya "ulijisikiaje kuwa wa kwanza?" (Niliwahi kuwauliza watu swali hilo. Wote hujibu vilevile.)

Usiishie 2015 alipoacha kugombea. Mwaka 2022 alikuwa Kamisaa wa Sensa.

Na kabla ya kurusha, msomee mtu mzima aliyekuwepo. Mimi nilimpigia yule bibi. Alikuwa na marekebisho mengine mawili.