Kitabu cha isimu usikianzie mwanzo

Nafundisha Kiswahili sekondari, na kitabu changu cha kwanza cha isimu, yaani taaluma ya lugha, kwa Kiingereza kilinishinda mapema sana. Mbele ya sentensi palikuwa na kinyota, nami nikashuka chini ya ukurasa kutafuta tanbihi. Hakuna. Nikawalaumu wachapaji.

Kinyota kina kazi mbili. Kwenye sarufi, *watoto anacheza maana yake ni kwamba wenye lugha hawasemi hivyo. Kwenye historia ya lugha, *muntu ni umbo ambalo hakuna aliyelisikia wala kulikuta limeandikwa: wataalamu wamelikisia kwa kulinganisha mtu ya Kiswahili, muntu ya Kisambaa, umuntu ya Kizulu na nyinginezo. Swahili and Sabaki cha Derek Nurse na Thomas Hinnebusch (1993) kina vingi vya aina hii ya pili. Ukivisoma kama makosa utapotea kabisa.

Utangulizi uache kwanza. Tafuta orodha ya vifupisho, mara nyingi iko kabla ya sura ya kwanza, uinakili kwenye kikaratasi kikae ndani ya kitabu. Kisha nenda kwenye mifano. Mfano huwa na mistari mitatu: neno lililokatwa, maana ya kila kipande, halafu tafsiri. Miwili ya juu huwa hivi:

wa-li-ki-som-a
SM2-PST-OM7-read-FV

Juu vipande vitano, chini vitano. SM ni kiambishi cha kiima, PST wakati uliopita, OM kiambishi cha yambwa, FV irabu ya mwisho. Mimi hufunika mstari wa pili kwa kiganja, nikakata neno mwenyewe, ndipo nafunua.

Walimu wenzangu hukwama zaidi kwenye zile namba, kama 2 ya SM2 na 7 ya OM7, ambazo ni za ngeli. Sisi tumezoea A-WA na KI-VI. Wanaisimu wana 1/2 na 7/8. Mtu/watu ni 1/2, mti/miti 3/4, jicho/macho 5/6, kiti/viti 7/8, nyumba 9/10, ukuta 11, kusoma 15, na mahali 16 hadi 18. Mbona 12 na 13 hazimo? Namba hizi ni za Kibantu kizima, na nafasi hizo ni za ka- na tu- ambazo majirani zetu wengi wanazo, Kiswahili Sanifu hakina. (Hapo 14 nayo kwetu imemezwa na 11, ndiyo maana wengine huandika 11/14.)

Mtego ni kifaru. Ana ki-, basi 7. Lakini twasema kifaru amelala, basi 1. Shuleni tunamtia A-WA kwa kuwa tunafuata upatanisho, ilhali namba zilianzia kwenye viambishi vya nomino. Mwandishi akimpa kifaru namba zote mbili, 7 na 1, usikimbilie kumsahihisha.

Mwisho, soma kila mfano kwa sauti, maana hapo wewe ndiye mwenye lugha. Ukikukwaza sikioni, weka alama ya kuuliza kisha angalia mwandishi anazungumzia lahaja gani. Niliwahi kubishana na neno ndia karibu wiki nzima, nikiapa ni neno njia lililokosewa, kumbe sura yote ilikuwa ya Kimvita, lahaja ya Mombasa. Bahati nilitumia penseli. Kitabu kilikuwa cha maktaba.